Maswali ya Wasomaji: Ngome ya Belgica na visiwa vya kungumanga

Toleo lililopita tulichapa picha ya Ngome ya Belgica, iliyoko kisiwa cha Neira katika visiwa vya Banda, mashariki mwa Indonesia. Maelezo yalikuwa mafupi: ilijengwa na Waholanzi, ina pembe tano, na mizinga yake ililinda kungumanga. Wasomaji wa Unguja na Pemba wametuandikia wakitaka zaidi, na ni haki yao, maana wanaoishi kwa karafuu wana sababu ya kuijua historia ya Maluku kuliko watu wengi duniani. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

Mzee wangu alikuwa akisema mikarafuu ya Pemba imeletwa na Waholanzi. Je, ngome mliyoionesha ndiyo iliyolinda karafuu kabla hazijaletwa huku?
*Mkulima, Wete*

Mkarafuu kweli ni mgeni Pemba, ila Waholanzi hawakuuleta. Wao ndio waliohangaika zaidi ya miaka mia moja usitoke mikononi mwao. Na Belgica ilikuwa ngome ya kungumanga, si ya karafuu.

Asili ya karafuu ni visiwa vichache vya Maluku ya kaskazini: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Asili ya kungumanga ni Banda, visiwa vidogo zaidi, mbali upande wa kusini. Kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki, maarufu kwa herufi zake VOC, iliundwa mwaka 1602, na haikupita miaka kumi ikawa na ngome pande zote mbili. Mwaka 1605 iliwanyang'anya Wareno ngome ya Ambon, ambayo baadaye iliitwa Victoria. Mwaka 1607 ilijenga Oranje kule Ternate, 1609 Nassau kule Neira, na 1611 Belgica.

Njia yao ya kulinda karafuu ilikuwa shoka. Mwaka 1652 walimfunga Sultani Mandar Syah wa Ternate kwa mkataba: mikarafuu iliyomo katika himaya yake ikatwe, naye alipwe fedha kila mwaka. Kilimo kikabakishwa Ambon na visiwa vya jirani, mahali ambapo mkono wa Kampuni ulifika kwa urahisi. Kisha ukawekwa msafara wa vyombo virefu vya makasia viitwavyo kora-kora, wapigaji makasia wakiwa wenyeji waliolazimishwa, uliokuwa ukizunguka kutafuta mikarafuu iliyoota nje ya mpaka na kuiangusha. Msafara huo uliitwa hongi. Fikiria mtu anatolewa shambani kwake kwenda kupiga kasia, bila ujira, ili akakate mikarafuu ya mwenziwe.

Mwaka 1770 watu waliotumwa na Pierre Poivre, msimamizi wa Kifaransa wa Mauritius, walifanikiwa kutorosha miche ya karafuu na ya kungumanga kutoka Maluku. Kutoka Mauritius na Réunion mkarafuu ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi katika kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abry. Seyyid Said akahimiza mashamba, na kimbunga cha 1872 kilipoivunja mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Kwa hiyo mikarafuu ya Wete ni kizazi cha miche ya magendo.

Kwenye ramani naona Nassau na Belgica zimekaribiana mno. Kwa nini hawakujenga ngome moja kubwa?
*Mwanafunzi, Mkunazini*

Kwa sababu Nassau ilijengwa mahali pabaya, na Belgica ikajengwa kuitibu.

Mwaka 1609 Admirali Pieter Verhoeven alifika Neira na jeshi lake, akaanza kujenga ufukweni juu ya msingi ambao Wareno waliuanza mwaka 1529 wakauacha. Ukiwa na haraka, pale panavutia. Mawe na baruti vinashushwa moja kwa moja kutoka merikebuni, ghala linakuwa karibu na maji, na mizinga ya merikebu inakulinda wakati kuta bado ziko magotini. Lakini nyuma yake kuna kilima. Adui akipandisha hata mizinga miwili mitatu pale juu, anapiga ndani ya ua wa ngome. Ukuta unakuwa hauna kazi tena, kwani risasi inapita juu yake na kuangukia watu na baruti. Na wewe uliye chini huwezi kumjibu vizuri, maana mzinga wa zama zile ulikuwa mgumu kuinuliwa mdomo kiasi hicho, na hata ukiinuka unapiga usichokiona.

Ndiyo maana mwaka 1611, wakati wa Pieter Both, gavana mkuu wa kwanza wa Kampuni, kilima kikawekewa ngome yake, kiasi cha mita 30 kutoka usawa wa bahari. Nassau ikabaki na mambo ya chini na Belgica ikawa jicho. Ile ya kwanza ilikuwa ndogo. Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa wakati huo, aliipanua mwaka 1622, na mwaka 1672 hadi 1673 ikajengwa upya kwa umbo hili la pembe tano tunaloliona leo, kwa gharama iliyopita gulden (fedha ya Waholanzi) 300,000. Kwa kisiwa unachoweza kukizunguka kwa miguu, hizo ni fedha za kutisha, na wakuu wa Kampuni walinung'unika.

Ukisimama juu ya minara yake unaona kila kitu kilichokuwa na thamani kwa Kampuni. Mbele yako ni bandari, maji yaliyotulia kati ya visiwa vitatu: Neira wenyewe, Lontor wenye mashamba mengi, na Gunung Api, volkano ya mita zaidi ya 600 iliyoinuka ng'ambo ya mkondo mwembamba. Unaona njia za kuingilia meli. Unaona pia mji, chini ya miguu yako. Hilo la mwisho wasomaji wengi hulipita. Ngome ya kukinga bandari peke yake inaelekeza nguvu zake baharini, ilhali Belgica imefungwa pande zote tano kwa nguvu sawasawa. Waliojenga waliwaogopa Waingereza na Wahispania, lakini waliwaogopa pia wenyeji na hata watumishi wao wenyewe, ambao kila mmoja alijua bei ya kungumanga huko nje.

Ngome Kongwe yetu pale Forodhani ina minara ya mviringo. Belgica ina ncha kali kwa nje, halafu minara ya mviringo kwa ndani. Kivita kuna tofauti gani?
*Msomaji, Vuga*

Nenda Ngome Kongwe ukasimame chini kabisa ya mnara, mgongo ukiugusa ukuta, upande wa nje. Kisha tazama ukutani kulia na kushoto. Mviringo wa mnara unakuficha. Askari aliye kwenye ukuta wa jirani hakuoni, na aliye juu yako hawezi kukupiga bila kujitokeza kiwiliwili kizima. Pahala hapo ndipo adui anapochimba na kuweka baruti.

Pembe yenye ncha huondoa pahala hapo. Mjenzi huanza na umbo la pembe tano, kisha katika kila pembe anachomoza kitu chenye sura ya kichwa cha mshale, yaani buruji. Nyuso mbili za mbele za mshale huo hukatwa kwa kipimo ili mistari yake ikirefushwa ifike kwenye ubavu wa buruji la jirani. Katika ubavu huo ndimo hukaa mizinga inayopiga sambamba na ukuta, si kwenda mbele. Anayeweka ngazi hapigwi na aliye juu yake. Anapigwa na aliye pembeni, ambaye yeye hamuoni. Kila buruji humlinda mwenziwe, na likianguka moja, mengine mawili huwa yamepungukiwa ulinzi wa upande mmoja. Huo ndio udhaifu wa mfumo huu.

Belgica imefanya ngazi mbili. Nje kuna ukuta mpana, wa chini, wenye maburuji matano ya ncha. Ndani yake umeinuka ukuta wa pili, mrefu zaidi, wenye minara mitano ya mviringo. Hiyo ya ndani inaweza kuwa mviringo bila hasara, kwa kuwa miguu yake tayari inatazamwa na eneo lote la nje. Anayeuteka ukuta wa kwanza anajikuta yuko wazi, chini ya bunduki za ukuta wa pili.

Ujuzi huu haukuwa wa Waholanzi peke yao. Ngome ya Yesu kule Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, ilichorwa na Mtaliano Giovanni Battista Cairati kwa hesabu hizohizo. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa, kwa ajili ya kuzuia uvamizi wa ghafla na kukaa na kikosi mjini. Si haki kuilaumu kwa kutokuwa kitu ambacho haikukusudiwa.

Mwaka 1621 unatajwa kwa haraka tu katika vitabu. Hasa nini kilitokea Banda?
*Mwalimu, Chake Chake*

Mwalimu, umeuliza swali ambalo bila jibu lake hizo kuta hazina maana.

Banda haikuwa na sultani. Iliongozwa na wakubwa wa vijiji, orang kaya, nao walikuwa wafanyabiashara hodari. Waliwauzia kungumanga na basibasi, yaani wavu mwekundu unaoizunguka kokwa, watu wa Java, wa Makassar, Waarabu, Wahindi, na baadaye Wazungu. Tangu mwaka 1602 Waholanzi walianza kuwawekea mikataba ya kuwauzia wao tu. Tatizo lilikuwa chakula. Visiwa vile vilijaa mikungumanga, na mchele na sago vilitoka nje kwa vyombo vya Kijava na vya visiwa jirani. Waholanzi walileta vitambaa vizito visivyovaliwa kwenye joto, na bei ya chini. Kuwauzia wao peke yao maana yake ilikuwa njaa. Wabanda wakaendelea kuuza kwa walioleta chakula, na Kampuni ikaita jambo hilo uvunjaji wa mkataba.

Mei 22, 1609, wakati Nassau inajengwa, Verhoeven aliitwa kwenye mazungumzo akauawa pamoja na wenzake. Katika msafara huo alikuwamo kijana wa biashara, Jan Pieterszoon Coen. Miaka kumi na miwili baadaye alirudi akiwa gavana mkuu, akiwa na askari wa Kizungu zaidi ya 1,600 na mamluki wa Kijapani. Machi 1621 aliishambulia Lontor na kuiteka. Mei 8 orang kaya 44 walipelekwa nje ya kuta za Nassau, wakaingizwa ndani ya uzio wa mianzi, wakauawa kwa panga na Wajapani wa Kampuni. Vijiji vikachomwa. Wengine walikufa kwa njaa na maradhi milimani, wengine wakapelekwa Batavia (Jakarta ya leo) utumwani. Kabla ya hapo wakazi walikadiriwa kuwa kiasi cha 15,000. Waliobaki visiwani walikadiriwa 1,000 hivi.

Mashamba yaligawanywa vipande 68 vilivyoitwa perken: 34 Lontor, 31 kisiwa cha Ai na vitatu tu Neira. Ardhi ilikuwa ya Kampuni. Wapewa mashamba, wengi wao watu waliomaliza utumishi, walipaswa kuiuzia Kampuni mavuno yote kwa bei iliyopangwa na Kampuni. Kazi ilifanywa na watumwa walioletwa kutoka sehemu mbalimbali za Asia, na baadhi ya Wabanda waliosalia waliwekwa humo ili wawafundishe wageni namna ya kuutunza mti. Utumwa katika makoloni ya Waholanzi ya Asia ulikomeshwa kisheria mwaka 1860.

Darasani usiishie hapo lakini. Baadhi ya Wabanda walikimbia kwa vyombo vyao hadi visiwa vya Kei, mashariki zaidi, na huko vijiji vya Banda Eli na Banda Elat hadi leo vinazungumza lugha ya Kibanda, ambayo Banda kwenyewe imeshatoweka.

Kama Belgica ilikuwa imara hivyo, Waingereza waliitekaje kwa usiku mmoja?
*Msomaji, Jang'ombe*

Usiku wa kuamkia Agosti 9, 1810, ndiyo. Kapteni Christopher Cole wa manowari Caroline alipanga kushusha watu kiasi cha 400. Bahari ilichafuka, mvua ikanyesha, mashua zikapoteana gizani, na waliofika ufukweni hawakutimia 200. Hapo wengi wangegeuza. Cole aliona hali ileile ya hewa inamficha, akaendelea.

Kwanza waliichukua mizinga ya ufukweni kwa kuiingilia kutoka nyuma. Kisha wakapanda kilima na kuweka ngazi kwenye ukuta wa nje wa Belgica. Mvua ilikuwa imeilowesha baruti ya kuwashia, mizinga mingi ikakataa. Wakaivuta ngazi juu na kuipeleka kwenye ukuta wa pili, na hapo ikaonekana ni fupi. Tumeeleza juu kwa nini ukuta wa ndani ulikuwa mrefu zaidi. Usiku ule urefu huo ulifanya kazi yake hasa, na washambuliaji walikuwa wamekwama mahali wazi.

Kilichowaokoa ni lango. Baadhi ya maafisa wa ngome, akiwamo mkuu wake, walikuwa wakilala nje kwenye nyumba zao, na walipokuja mbio lango likafunguliwa ili waingie. Waingereza wakaliwahi. Mkuu huyo aliuawa pale langoni, askari wengi waliokuwamo wakaruka ukuta na kukimbia. Kulipopambazuka, mizinga ya Belgica ilikuwa mikononi mwa Waingereza, ikielekea chini Nassau na mjini, na hapakuwa na haja ya vita virefu tena. Kile kilichowafanya Waholanzi wapande kilimani mwaka 1611 ndicho kilichowaangusha: mwenye kilima ndiye mwenye Nassau.

Makosa yalikuwa ya watu. Maafisa kulala nje ya ngome wakati wa vita, ulinzi wa langoni, baruti isiyofunikwa. Waingereza walikuwa wamewahi kuishika Banda tangu 1796 hadi 1803 pia, na wakairudisha tena mwaka 1817. Katika vipindi hivyo viwili walichukua miche ya kungumanga kupeleka Penang na Sri Lanka, na baada ya hapo ngome ilikuwa inalinda kitu ambacho kimeshatoka.

Mimi ni mwashi wa nyumba za chokaa Mji Mkongwe. Kuta hizo zimeshikwa kwa nini, na zinaharibika vipi?
*Fundi, Malindi*

Mawe ya kisiwani, fundi, kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Kazi yako na yao ni ndugu, na maradhi ya kuta ni yaleyale.

Tanuu hupangwa tabaka la magogo, tabaka la matumbawe, mpaka juu. Joto linatakiwa lifikie kama nyuzi 900. Likipungua, moyo wa jiwe unabaki mbichi na chokaa inakuwa dhaifu. Jiwe likiungua kupita kiasi, chembe zake hukataa kuzimika shimoni, kisha huzimika baadaye ndani ya ukuta, zikavimba na kurusha lipu vipande vidogovidogo vya duara. Unavijua. Chokaa izimwe kwa maji matamu na ilale shimoni wiki kadhaa, miezi ikiwezekana. Kipimo cha kawaida cha kujengea ni chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga wa pwani lazima uoshwe. Chumvi ikiingia haitoki. Kila ukuta ukilowa na kukauka inasafiri mpaka usoni, inaganda kuwa fuwele, na fuwele zinabanja jiwe.

Chokaa hukauka kwa kuvuta hewa, kuanzia nje kwenda ndani, polepole. Ukuta mnene wa ngome, wenye ngozi mbili za mawe na kifusi katikati, moyo wake unaweza kubaki laini miaka. Aliyejenga kwa haraka, akapandisha tabaka juu ya tabaka bila kusubiri, huona ukuta umetoka tumbo.

Banda ina adui mmoja ambaye sisi hatuna kwa kiasi hicho: mtetemeko. Aprili 1778 tetemeko, mlipuko wa Gunung Api na tufani vilikuja pamoja na kuangusha mikungumanga mingi mno. Chokaa laini inavumilia mtikisiko mdogo, kwa kuwa viungo vinacheza bila jiwe kupasuka, lakini tetemeko kubwa hupasua ukuta kuanzia pembeni na juu ya milango.

Belgica ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa yeyote anayekarabati ukuta wa namna hii, huko au hapa, tunarudia bila kuchoka: usizibe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipumui. Maji yataingia kwa juu au yatapanda kutoka ardhini, yakutane na kibandiko chako, yakwame nyuma yake na chumvi yote. Baada ya misimu michache kibandiko kinaanguka kimeshika uso wa jiwe. Anza na kichwa cha ukuta, mahali mvua inapoingilia. Kifunike kwa lipu ya chokaa yenye mteremko, kisha ndipo ushuke. Mti ukiota ukutani usiung'oe, kwani mzizi utaondoka na mawe. Ukate karibu na ukuta, uzuie kuchipua mpaka ufe, halafu ujaze nafasi.

Ni kweli Waholanzi walizitia kungumanga chokaa ili zisiote? Na wanazikaushaje huko?
*Muuza viungo, Darajani*

Kuzitia chokaa ni kweli. Kokwa zilizokwishabanguliwa zilichovywa katika maji ya chokaa kabla ya kupakiwa, na sababu iliyokuwa ikitajwa ni kuua mbegu. Lakini kungumanga iliyokaushwa imeshakufa tayari. Mbegu yake haivumilii ukavu, na inatakiwa ipandwe ingali mbichi, na ganda lake. Faida halisi ya chokaa ilikuwa kuzuia wadudu wanaotoboa, na desturi ikaendelea kwa sababu hiyo.

Hilo linaonesha pia kwa nini ngome ilifaulu kwa muda mrefu. Karafuu na kungumanga kavu zilisafiri dunia nzima bila kuotesha mti hata mmoja. Mwizi alihitaji mbegu mbichi au mche hai, udongo wenye unyevu, na chombo chepesi. Hata akifika, mkungumanga huchukua miaka saba hadi tisa kuzaa, na miti ni dume na jike. Jike ndilo linalozaa, na mpaka utoe maua hujui umepanda lipi.

Ukaushaji: tunda likipasuka lenyewe mtini ndipo limeiva. Basibasi, ule wavu mwekundu, hubanduliwa taratibu usikatike, ukalazwa bapa na kuanikwa, ukageuka rangi ya chungwa. Kokwa hukaushwa ndani ya ganda lake kwa wiki nne hadi nane, Banda kwa kawaida juu ya moto wa moshi mdogo, zikigeuzwa kila siku. Tikisa moja sikioni. Ikigonga ndani ya ganda, iko tayari kuvunjwa. Kosa kubwa ni haraka. Joto likipita nyuzi 45 mafuta yanayeyuka, kokwa inapasuka na harufu inapungua. Ukivunja ganda kabla haijagonga, kokwa inachubuka na kupata ukungu.

Nimesikia Waholanzi walibadilishana kisiwa cha Banda na New York. Kweli?
*Msomaji, Mkoani*

Karibu na kweli. Waingereza walidai kisiwa cha Run, kimojawapo cha Banda, na Waholanzi walikuwa wameshakikamata na kukata mikungumanga yake. Mkataba wa Breda wa mwaka 1667 uliamua kila upande ubaki na ilichoshika. Waholanzi wakabaki na Run, na Waingereza wakabaki na Manhattan, waliyoichukua mwaka 1664.

Tukitaka kwenda kuiona Belgica, tupitie wapi?
*Msomaji, Kiembesamaki*

Kituo ni Ambon. Kutoka hapo kuna ndege ndogo, meli ya abiria inayopita Banda kwa ratiba yake, na boti ya kasi ya saa kama sita kutoka Tulehu, bandari iliyoko kisiwa hichohicho cha Ambon. Boti hiyo hutegemea bahari. Miezi tulivu ni Oktoba na Novemba, halafu Aprili. Januari na Februari, na tena Juni hadi Agosti, upepo unaweza kukuzuia siku kadhaa, kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi iliyobana. Ngome iko mwendo mfupi wa kupanda kutoka bandarini. Nenda alfajiri kabla ya jua, panda kwenye minara ya ndani kwa tahadhari maana ngazi zake ni nyembamba na zimesimama, na kabla ya kushuka tafuta kwa macho kuta za Nassau chini yako. Ukiwa na siku ya pili, vuka kwenda Lontor kuona mashamba ya kungumanga chini ya kivuli cha miti mirefu ya kanari, na magofu ya Ngome ya Hollandia juu ya kijiji.